Bitana Haijui Utani

Wewe unayetaka kuitia nyumba yako bitana, usimwite fundi kwanza. Nenda kwa jirani mnayegawana naye ukuta, mkae, mnywe chai, mkubaliane kwamba siku fundi atakapokuja hakuna atakayecheka. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui kupanga maneno kama wanaoandika vitabu. Lakini hili nimeliona kwa macho yangu, na nimelishika kwa mkono huu ambao mpaka leo haupati joto.

*

Nyumba yangu ina pembe mbaya. Ipo kichwani pa kitanda cha Eda, pale ukuta wetu unapokutana na jiko la jirani. Nyumba za mtaa wetu wa Mistari zilijengwa na mashine, na pale kwenye pembe mashine mbili zilikutana zikashindwa kusalimiana. Ukabaki ufa. Si mkubwa, kidole cha mtoto kinaingia, cha mtu mzima hakiingii. Lakini upepo wa huku juu ya Njombe hauhitaji mlango. Tangu majira yaharibike, sakitu, ule umande ulioganda, inalala shambani mpaka jua linafika utosini, na kuni tunagawiwa kwa mzani, maana msitu unalindwa na vile videge visivyo na rubani. Ukiokota kijiti tu, kinakuja kimoja kinakuita jina lako.

Nilijua upepo unapopitia kwa kulamba mgongo wa mkono na kuupitisha ukutani taratibu, kama fundi baiskeli anayetafuta tundu kwenye mpira. Nikaziba na matambara, panya wakayachukua. Nikaziba na maganda ya mahindi. Nikaziba na udongo uliokandwa kwa samadi, kama alivyofanya mama yangu Peramiho. Ukakauka, ukapasuka, ukadondoka kwenye mto wa mtoto.

Na mtoto mwenyewe ndiye huyo Eda wangu, Editruda, wa darasa la pili, mwembamba kama bua. Kifua chake kinapiga mluzi. Kipupwe kilichopita walimwekea mashine ya kupumulia pale zahanati, na muuguzi akanivuta pembeni. "Mama Eda," akasema, "asilale tena kwenye upepo. Kifua hiki hakina akiba."

Baba yake yuko kwenye kambi za mbao, anarudi kwa nadra. Kwa hiyo neno la muuguzi nililibeba peke yangu. Chumba ni kimoja, na kitanda cha mtoto hakiingii penginepo ila kwenye ile pembe. Nililala nimekaa, mgongo nimeuegemeza kwenye ufa, nikihesabu pumzi za mwanangu.

Ufa huo ulileta na kitu kingine. Ulileta mdomo wa Mama Mligo.

"Mngoni, umekufa?" Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi.

"Bado, mateka wangu. Nasubiri ufe wewe kwanza nirithi sufuria."

"Sufuria ya Kibena ikipikiwa na Mngoni inatoboka."

Mama Mligo ni mjane, mnene, anauza viazi vya kuchemsha kwa wapita njia, na sauti yake inafika kwa wateja kabla ya harufu ya viazi. Yeye Mbena, mimi Mngoni, ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakapatana, sisi wajukuu tukaachiwa matusi. Mtani anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku, nawe ukabaki unacheka. Ukikasirika, umeshindwa.

Asubuhi moto wangu ukiwa umezimika, nilichukua kigae nikaenda mlangoni kwake. "Naomba moto." Naye kabla ya tusi lolote alisema, "Chukua." Ndivyo tulivyolelewa wote wawili, yeye kwao, mimi kwetu. Moto haunyimwi. Na mwenye moto unaowaka haombi moto kwa mtu, huko ni kulitukana jiko lake mwenyewe.

Naomba uyashike hayo maneno mawili, naomba na chukua, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha tulipofika.

*

Fundi aliitwa Erasto, kijana wa ovaroli ya kijani, mwenye haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alikuja na mpira mrefu na pipa lenye uji mweupe. Uji ule ulikuwa unatembea ndani ya pipa ingawa hakuna aliyeukoroga.

"Ndiyo bitana yenyewe," akasema. "Kama bitana ya koti, Mama, ila hii ni hai. Naimwaga kwenye ufa, inatafuta yenyewe njia za upepo, inajaza, inakauka inakuwa nyepesi kama mkate."

"Basi mwaga."

"Subiri kwanza. Kuzuia baridi ni kazi ndogo. Hii inazuia na inaleta. Joto la jiko la jirani linalopotea bure kwenye ukuta, hii inalivuta inakupa wewe. Lakini hairuhusiwi kuvuta bila ridhaa. Mwanzoni watu waliibiana joto huko mijini. Sasa mwenye joto lazima akubali kwa mdomo wake, mbele ya sikio."

Akabandika karibu na mlango hilo sikio, kitu kidogo kama kifungo cha shati. Katikati yake palikuwa na nuru nyekundu.

"Niseme nini?" nikauliza.

"Maneno mnayotumia siku zote mkiombana. Limefundishwa lugha ya watu, si ya ofisi."

Nikamwita Mama Mligo. Akaja anafuta mikono kwenye kanga, akainama kuchungulia pipa. "Mmeanza kula uji wa chokaa, Wangoni?"

Erasto akaumwaga uji kwenye ufa mpaka ukajaa, akanipa ishara. Nikasimama mbele ya kile kifungo, nikaona aibu, nikasema, "Mama Mligo, naomba moto."

Mama Mligo akaangalia kifungo, akamwangalia fundi, akaniangalia mimi niliyesimama wima kama mtoto anayekariri shairi. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Chukua," akasema. "Chukua moto wa jikoni, chukua na wa mwilini mwangu, chukua wote uishe. Mbena hana kazi na joto. Baridi ni ugonjwa wa Wangoni."

Na kwa kuwa watani wakishasemana hugonga mikono, na mimi mikono yangu ilikuwa imembeba Eda, akaupiga ukuta kofi, pale pale kwenye pembe, uji ukiwa bado mbichi. "Haya, tumepatana."

Ile nuru ikawaka kijani. Ikazimika. Ikawaka kijani tena.

"Mbona mara mbili?" nikauliza.

Erasto alikuwa anakunja mpira wake. Akasimama kidogo. "Ametoa vitu viwili," akasema.

"Lakini si alikuwa anatania, fundi?"

"Mimi najua alikuwa anatania," akanijibu. Akapakia pipa lake, akaenda kwenye mstari mwingine.

Nilitakiwa niulize pale pale, ni nani asiyejua? Sikuuliza. Eda alikuwa ameweka shavu ukutani, anasema, "Mama, pamoto."

*

Sitasema uongo, ilikuwa raha. Nililamba mgongo wa mkono nikaupitisha kwenye pembe, sikusikia kitu. Eda alilala bila soksi. Mluzi ule kifuani ukapungua, ukawa kama wa mtu aliye mbali barabarani, mwisho ukapotea. Akaamka ana mashavu mekundu, anadai uji na sukari, anaruka kitandani. Nikamwambia shuka, huku moyoni nasema ruka, mwanangu, ruka.

Kilichonisumbua ni ukimya. Bitana ilipoziba upepo iliziba na sauti. Hakuna wa kuniuliza kama nimekufa. Mara ya kwanza nilifurahi kupumzika na matusi. Halafu nikaona wapita njia wanasimama kwenye meza ya Mama Mligo, wanaangalia sufuria tupu, wanaondoka.

Nikaenda. Nikabisha hodi, hakuitikia. Nikasukuma mlango.

Moto ulikuwa unawaka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoona, na nikatulia. Moto mzuri, kuni za mgao zote zipo jikoni, ndimi zinafika kwenye sufuria. Mama Mligo amekaa kwenye kigoda karibu kabisa, karibu kuliko mtu mwenye akili anavyokaa, amejifunika mablanketi mpaka kichwani.

"Mngoni," akasema taratibu. "Viazi vyangu... vimekataa kuiva."

Nikafunua sufuria. Viazi vibichi kwenye maji maangavu. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba. Niliugusa kwa kidole, ukakatika kama kioo. Ilikuwa barafu, kwenye sufuria iliyo juu ya moto.

Nikanyoosha mkono kwenye ndimi za moto. Nikausogeza. Nikausogeza tena mpaka vidole vikawa ndani ya moto kabisa. Nilikuwa kama ninayegusa picha ya moto kwenye kalenda. Nywele za mkono hazikuungua.

Nikaushika mkono wa Mama Mligo. Ulikuwa kama jiwe la mtoni. Na kwenye kiganja, kile alichoupigia ukuta, palikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, kama ukungu kwenye mkate uliosahaulika. Nilizisugua kwa kanga. Hazikutoka. Zilikuwa chini ya ngozi.

"Unanifinya," akasema.

"Twende kwangu. Kwangu kuna joto."

"Kwako kunanuka Mngoni," akasema, lakini alinyanyuka, na hapo nikajua hali ni mbaya. Mama Mligo hakuwahi kunitii.

*

Nilimketisha kwenye kitanda cha Eda, mgongo kwenye ile pembe yenye moto kuliko zote. Eda akampa mto wake. Nikaweka chai. Nikamsugua miguu. Nilitegemea nione damu inarudi usoni.

Chumba kikazidi kuwa na joto. Mimi nikaanza kutoka jasho. Nikavua sweta. Ukuta ukawa unatoa mlio mdogo, mmmm, kama mtoto anayenyonya huku akiguna. Na midomo ya Mama Mligo ikageuka, ikawa rangi ya majivu. Chai mkononi mwake ilishapoa kabla hajaifikisha mdomoni.

Eda ndiye aliyesema. Watoto wanaona. "Mama," akasema, "ukuta unamnyonya bibi."

Nikamvuta Mama Mligo kutoka pale, nikamweka karibu na mlango. Mlio haukupungua. Nikatoka nje na simu.

Nilisimama chini ya kamba ya nguo. Nguo za Eda zilikuwa zimekakamaa kama mbao, gauni lake limesimama lenyewe kana kwamba kuna mtu ndani. Erasto alipokea, nyuma yake nikasikia mpira unamwaga uji kwenye nyumba nyingine.

"Anakufa," nikamwambia. "Mtani wangu anakufa. Iambie ile bitana yako alikuwa anatania."

"Mama, sikio halina mtani. Linajua alichosema."

"Basi njoo uing'oe."

"Haing'oki. Imeshaingia kwenye tofali kama chumvi kwenye nyama. Ukiuvunja ukuta inadhani inaibiwa, inavuta mara moja kila ilichopewa. Nimeona hilo, Mama, sitaki kulisimulia."

"Nimpeleke mbali, basi. Nimpandishe gari."

"Ana nyuzi mkononi?"

"Anazo."

"Uzi ukivutwa unakaza."

Nikakaa chini, kwenye sakitu. "Fundi, una mama?"

"Ninaye." Akashusha pumzi. "Ipo njia. Aliyetoa ndiye aombe, maneno yale yale, mbele ya sikio lile lile. Wewe ukubali. Basi, joto linarudi kwake."

"Linarudi kutoka wapi?"

"Kutoka lilikokwenda."

"Limekwenda wapi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Pale kwenye pembe, Mama, analala nani?"

Nilikata simu.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia hata padre. Nilibaki pale chini ya kamba, nikaona njia iliyo rahisi kuliko zote. Ninyamaze. Mama Mligo hajui kitu. Alitoa kwa mdomo wake, mbele ya shahidi, mimi sikumlazimisha. Baridi inaua watu kila kipupwe, atakuwa mmoja wao. Nitamlilia kweli, na mwanangu atalala bila soksi. Wazo hilo halikuja na pembe wala mkia. Lilikuja na sauti yangu mwenyewe, ile ninayombembelezea Eda. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko ukuta.

Nikaingia ndani kabla sijalisikiliza zaidi.

*

"Mama Mligo, niombe moto."

Aliinua macho. "Nini?"

"Simama hapa, mbele ya kifungo, uniombe moto. Nitakupa."

"Moto wangu unawaka kule." Alikuwa anavuta maneno moja moja, kama mtu anayetoa ndoo kisimani. "Niombe moto wa nini? Na kwa Mngoni? Babu zangu watafufuka wanipige bakora."

"Si utani. Ukuta unakunyonya. Ulisema chukua na wa mwilini, ikachukua."

Akakiangalia kiganja chake. Akaziangalia zile nyuzi kwa muda. Halafu akageuka kumtazama Eda, ambaye alikuwa ametoka jasho puani, amekaa kitandani na magoti wazi.

"Mtoto anahemaje?" akauliza.

"Anahema vizuri."

"Ule mluzi?"

"Haupo."

"Basi mwache," akasema. "Mwache alale."

Ndipo nilipoogopa kabisa. Tangu tujuane, hakuwahi kuniambia neno bila kuweka tusi ndani yake. Alikuwa ameelewa kila kitu, na sasa alikuwa anatoa kwa kweli kile alichokitoa kwa mchezo. Na sikio lilikuwa pale karibu na mlango, linasikia.

Sikumbembeleza. Ningembembeleza angekataa, na kila kukataa kungezidi kukaza. Nilichofanya, kitu kama hicho anaweza kukifanya mtani peke yake. Ndugu akikifanya ni laana, jirani akikifanya mnapelekana baraza la kata. Nilitoka, nikaingia jikoni kwake, nikainua sufuria ya viazi kwa mikono mitupu, nikaimwaga yote juu ya moto.

Haukulia. Moto unaomwagiwa maji hulia, hutoa mvuke, hukuchafua uso. Ule ulizimika kimya, kama taa. Nikachota majivu na kaa moja jeusi kwenye kigae, nikarudi nayo, nikamwekea mapajani.

"Haya. Moto wako umezimika."

Akaangalia lile kaa jeusi. "Umemwagia maji jiko langu?"

"Nimemwaga. Na viazi vyako viko sakafuni."

"Mngoni, wewe ni mchawi."

"Na sasa sikiliza. Ukifa humu ndani, mtani wako ni mimi. Matangani nitakuwa wa kwanza kufika. Nitavaa gauni lako la zambarau, nitaweka mto hapa nyuma, nitatembea kama bata, niwaambie waombolezaji wote, huyu Mbena alikufa kwa baridi kwenye mlango wa Mngoni, kwa sababu ya kiburi. Watacheka mpaka padre."

Mdomo wake ulitikisika upande mmoja. "Huna makalio ya kulijaza gauni langu," akasema. "Hata na mto."

"Basi amka ulilinde."

Nilimwinua. Alikuwa mzito na baridi, kama kubeba kisima. Nikamsimamisha mbele ya kifungo. Nuru ilikuwa nyekundu. Alipumua mara kadhaa, na pumzi yake haikutoa mvuke.

"Mngoni," akasema. Halafu akafunga macho, maana lile neno lilimuuma kweli. "Naomba moto."

Sasa likabaki neno langu.

Eda alikuwa amesimama kitandani, anatuangalia. Ningesema chukua, neno moja tupu kama tulivyozoea tangu utoto, sikio lingelichukua joto kule lilikokwenda. Lingemkuta pale, na ule mwili wake wa bua, na kifua kisicho na akiba. Ningekaa kimya, mikono yangu ingebaki imeshika maiti. Nuru nyekundu ilinitazama. Mama Mligo alianza kuteleza kwenye mikono yangu.

Nikawaza, kama halijui utani, basi na unachokisema kwa kweli litakishika hivyo hivyo. Nikaupiga ukuta kwa kiganja, pale pale alipopiga yeye, nikausikia unalainika. Nikasema polepole, kama mtu anayesomewa kiapo mahakamani.

"Chukua wa mwilini mwangu mimi, Agripina Ngonyani. Wa mtoto usiguse. Hata kidogo usiguse. Mpe Tasiana Mligo mpaka maji yake yachemke na damu yake itembee. Ukishamtosha, uache. Na kutoka kwake usivute tena kitu."

Nuru ilitetemeka. Nyekundu, kijani, nyekundu. Haikuzoea kuwekewa mipaka, au labda ilikuwa inahesabu kama nitatosha. Halafu ikawaka kijani ikabaki.

Baridi iliingia kupitia mkononi. Nimezaa, nimeumwa malaria ya kichwani, sijawahi kusikia kitu kama kile. Si maumivu, ni kama kuvuliwa nguo, halafu kuvuliwa ngozi, halafu kuna mtu anaendelea kuvua. Meno yangu yaligongana. Niliona jasho langu limekuwa chembe nyeupe kwenye mkono. Niliona midomo ya Mama Mligo inapata rangi. Nikamtafuta Eda kwa macho, kwa sababu kama lingenidanganya ningejua kwenye kifua chake. Nilimsikia akikohoa. Mara moja. Nikasubiri ya pili.

Haikuja. Ukuta ukaacha kuguna. Nikaanguka chini.

Kitu kilichofuata ni uzito juu yangu, blanketi, halafu mwili mnene wenye moto kama mkate uliotoka jikoni. Mama Mligo alikuwa ananikumbatia ananisugua mgongo kwa nguvu, analia kamasi kwenye nywele zangu.

"Mbona mnatetemeka hivi, Wangoni," akasema. "Chuku..."

Nilimziba mdomo kwa ule mkono wa baridi. Macho yetu yote mawili yakaenda kwenye kifungo.

*

Bitana ipo mpaka leo. Kuzuia inazuia, kuleta haileti tena. Eda anapiga mluzi siku mbaya, siku nzuri hapigi, anavaa soksi zake. Mimi nakaa juani nikishika kikombe cha chai mpaka kinapoa, na kiganja changu kina nyuzi nyeupe. Mama Mligo zake zimefifia.

Kwenye pembe, kwa kuwa bitana haina tena cha kuvuta, tumetoboa tundu jipya, dogo, la msumari. Asubuhi nachomoa kitambaa, upepo unaingia, na sauti inaingia.

"Mama Eda. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mama Mligo. Na wewe?"

"Salama."

Basi. Tunaongea kama watu wa ofisi. Hakuna kufa, hakuna kurithi, hakuna kuchukua. Ukitusikia utadhani tumegombana. Tukitaka kutukanana tunafunga milango, tunavuka shamba la viazi, tunasimama katikati ya sakitu ambapo hakuna ukuta, na huko ananipa yote aliyolimbikiza tangu asubuhi, nami nampa yangu. Tunacheka mpaka machozi yanaganda shavuni.

Erasto bado anapita na pipa lake. Simzuii, watoto wa watu wana vifua. Ila nikiona gari lake limesimama kwa mtu, naenda kukaa mlangoni kwao mpaka amalize, nimeweka kidole mdomoni kuwaambia wanyamaze. Wananiona nimechanganyikiwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika, siwezi kukaa kwenye milango yote.

Juzi mtoto wa jirani mwingine alikuja kucheza. Eda alikuwa amekaa kitandani na kiazi cha moto alichopewa na Mama Mligo. Yule mwenzake akakitamani.

"Eda, naomba kiazi."

Eda alifungua mdomo. Nilikuwa naosha vyombo, bakuli likanitoka mkononi. Nikamwona mwanangu anageuka, anakitazama kile kifungo karibu na mlango, anaufunga mdomo wake. Akashuka kitandani, akavaa viatu.

"Twende nje kwanza," akamwambia.